Moyo Unaposimama: Historia Fupi ya Elimu Tunayoihitaji Nakivale



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tunaleta somo la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya elimu ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Sababu ya kulichagua somo hili ni tukio lililotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku mmoja wa Ramadhani, tukiwa katika sala ya tarawehe hapa Nakivale, mzee wetu mmoja wa safu ya pili alianguka. Sala ikaendelea. Waliokuwa karibu walimsikia akikoroma, wakadhani amezidiwa na usingizi au uchovu wa saumu. Tulipotoa salamu ndipo tukamzunguka. Mmoja alimpepea kwa kilemba, mwingine akamnyunyizia maji, mwingine akamlaza kuelekea kibla na kumlakinia shahada. Vijana wakatoka mbio kutafuta gari. Gari lilipopatikana, mwili ulikuwa umeshaanza kupoa. Tukasema ajali yake imefika, tukamfunika.

Ni kweli, ajali iko mikononi mwa Allah, haitangulii wala haichelewi. Lakini baadaye tuliwauliza wahudumu wa afya, nao wakatueleza kwamba kule kukoroma huenda hakukuwa usingizi hata kidogo. Mara nyingi ndiyo pumzi ya mwisho mwisho ya mtu ambaye moyo umesimama na ubongo bado haujafa. Tulikuwa watu wengi wenye nguvu tumemzunguka, na hakuna hata mmoja aliyeweka mikono yake kifuani mwa mzee wetu. Hatukukataa. Hatukujua. Makala hii imeandikwa ili asiwepo wa kusema hivyo tena.

Moyo kusimama ni nini?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni mshtuko wa moyo. Hapo mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba, na mgonjwa hupata maumivu ya kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi, lakini bado anaongea na mapigo yapo. La pili ni moyo kusimama ghafla. Moyo huacha kusukuma damu, ama kwa kutulia kabisa, ama kwa kutetemeka ovyo bila mpango. Mtu huanguka, hajibu anapoitwa, na hapumui kama kawaida. La kwanza laweza kuleta la pili, lakini si kitu kimoja.

Tofauti kubwa ni muda. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya mtu kunusurika hupungua kwa kiasi cha asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo mwenye kuokoa si yule aliye mbali na dawa nyingi, bali ni yule aliye karibu na mwenye elimu kidogo.

Wanavyuoni wetu na mauti ya ghafla

Baadhi yetu hudhani kwamba kuhangaika na mtu aliyeanguka ghafla ni kupingana na kadari. Tuwaangalie waliotutangulia.

Imam Shafi (aliyefariki mwaka 204 H, sawa na 820 M), ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu na ndugu zetu Wasomali, alifundisha kuharakisha maziko. Lakini kuhusu mtu aliyeangushwa ghafla, kama aliyepigwa na radi, alipendelea asubiriwe hadi mauti yawe na yakini, kwa kuwa habari zilimfikia za watu waliopotewa na fahamu kisha wakazinduka. Huyo ni faqihi wa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, akituonya tusiwe na haraka ya kumfunika mtu.

Mwanahistoria wa matabibu, Ibn Abi Usaybi'a (aliyefariki 1270), anasimulia kisa cha zama za Khalifa Harun Rashid, aliyetawala kutoka 786 hadi 809. Binamu wa Khalifa, Ibrahim bin Salih, aliugua, na tabibu wa ikulu, Jibril bin Bukhtishu, akasema hataumaliza usiku. Ikatangazwa kwamba amekufa, akaoshwa na kukafiniwa. Tabibu wa Kihindi aitwaye Salih bin Bahla akasisitiza kuwa bado yu hai. Akamchoma sindano chini ya ukucha wa kidole gumba, na mkono ukajivuta. Kisha akaomba avuliwe sanda na aoshwe manukato ya maiti, ili akizinduka asijione ndani ya sanda akafa kweli kwa hofu. Baada ya hapo akampulizia puani, kwa mvukuto, dawa ya unga ya kupigisha chafya. Ibrahim akapiga chafya, akaketi.

Mtu aliyevuta mkono wake alikuwa amezimia, moyo wake haukuwa umesimama. Kwa hiyo kisa hiki si dawa ya kuigwa. Mafunzo yake ni kwamba waliokuwepo walikubali kusimamisha maziko ili kutafuta yakini, na hakuna aliyewaita makafiri wa kadari.

Kisha akaja Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus mwaka 1213 na kufariki Cairo mwaka 1288. Akiufafanua mlango wa viungo vya mwili katika kitabu cha Ibn Sina, alieleza kwamba damu haipenyi ukuta ulio katikati ya moyo kama walivyoamini Wagiriki. Hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni na kuchanganyika na hewa, kisha hurudi upande wa kushoto. Andiko lake lilisahauliwa na wengi hadi mwaka 1924, daktari wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipolikuta katika maktaba ya Berlin. Elimu hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Mtu aliyeanguka anahitaji vitu viwili: hewa ifike mapafuni, na damu isukumwe ipite hapo hadi kwenye ubongo.

Kutoka mivukuto hadi mikono miwili

Huko Ulaya habari ilianzia kwa waliozama majini na waliozidiwa na moshi. Mwaka 1732, huko Alloa, Scotland, daktari William Tossach alimpulizia pumzi mdomo kwa mdomo mchimba makaa ya mawe, James Blair, aliyetolewa mgodini kama maiti. Mtu yule alizinduka na siku hiyo hiyo akarudi kwake kwa miguu. Mwaka 1740 chuo cha sayansi cha Paris kikapendekeza njia hiyo kwa waliozama. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam, mji wa mifereji, wakaunda chama cha kuwaokoa waliozama, na London ikafuata mwaka 1774. Wakatumia pia mivukuto, lakini ikaonekana kwamba inaweza kupasua mapafu. Kisha njia ya mdomo kwa mdomo nayo ikaachwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1891 daktari wa Kijerumani, Friedrich Maass, alikandamiza vifua vya wagonjwa wawili ambao mioyo yao ilisimama, wakapona. Habari hiyo ikasahauliwa. Kwa zaidi ya miaka sitini madaktari waliendelea kupasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono, jambo lisilowezekana nje ya chumba cha upasuaji. Mwaka 1947, daktari Claude Beck wa Cleveland, Marekani, aliukamua hivyo moyo wa kijana wa miaka 14 uliokuwa ukitetemeka, kisha akaushtua kwa umeme ukarudi kupiga. Mwaka 1956 daktari Paul Zoll akaweza kuushtua moyo bila kupasua kifua.

Mwaka 1958 daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa Baltimore, alichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inatosha kumpa hewa asiyepumua. Katika mji huo huo, kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Guy Knickerbocker alikuwa akifanya majaribio ya umeme kwa mbwa. Akagundua kwamba vile vibao vizito vya umeme vinapokandamizwa kifuani, damu husukumwa hata kabla ya umeme kuwashwa. Yeye, mhandisi William Kouwenhoven na daktari James Jude wakalifuatilia jambo hilo, na Julai 1960 wakatoa taarifa yao. Kati ya wagonjwa 20 waliokandamizwa kifua, 14 walinusurika. Wakaeleza kwamba kazi hii yaweza kufanywa na yeyote, popote, kwani vinavyohitajika ni mikono miwili tu.

Mwaka huo huo, Asmund Laerdal, mtengeneza vinyago vya watoto huko Stavanger, Norway, alitengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu ili watu wajifunzie. Tangu mwaka 1961 nchi hiyo imehimiza mafunzo haya mashuleni. Mwaka 1966 daktari Frank Pantridge wa Belfast akapakia mashine ya kushtua moyo katika gari la wagonjwa. Ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 70 na ikitumia betri za gari. Na mwaka 2008 chama cha moyo cha Marekani kikatangaza kwamba mtu asiye na mafunzo akimwona mtu mzima ameanguka ghafla, anaweza kukandamiza kifua peke yake, bila kupuliza pumzi.

Tazama safari hiyo. Ilianza kwa tabibu wa ikulu, ikapita kwenye chumba cha upasuaji, ikaishia kwenye mikono ya mpita njia.

Nakivale na Mbarara katika miaka hiyo hiyo

Mwaka 1958, Safar alipochapisha majaribio yake, ndio mwaka unaotajwa kuwa wa kufunguliwa kwa makazi ya Nakivale, na mwaka 1960, wa ile taarifa ya mikono miwili, yakatambuliwa rasmi. Waliopokewa mwanzo walikuwa ndugu zetu waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Baadaye wakaja Wakongo, ambao leo ndio wengi zaidi, na Wasomali, Warundi, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Basi makazi yetu na elimu hii ni rika moja. Lakini vitu hivi viwili viliishi mbalimbali kwa zaidi ya miaka sitini, na usiku ule wa tarawehe ulituonyesha umbali huo.

Uganda haikuwa nyuma katika elimu ya moyo. Mwaka 1948 daktari Jack Davies, aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, na ulimwengu wa tiba ukaujua kutokea hapa. Miongoni mwa wagonjwa wake waliotibiwa Mulago katika miaka iliyofuata, wahamiaji wa Rwanda na Burundi walionekana kwa wingi. Mwaka 1988 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Uganda hapo Mulago, na mwaka 2016 sheria ikaipa mamlaka yake yenyewe. Mwaka 1989 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ambacho wanafunzi wake wa udaktari husomea katika hospitali ya rufaa ya mji huo.

Sisi wa Nakivale tuna vituo vya afya ndani ya makazi, na mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Mbarara. Lakini njia ya Mbarara ni ya makumi ya kilomita, na mwanzo wake ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Hata gari likiwa tayari mlangoni, dakika sita hazifiki Mbarara. Kutoka baadhi ya vijiji vya Juru au Rubondo hazifiki hata kituo cha afya. Basi tusiseme hospitali iko mbali tukaishia hapo. Kwa kuwa iko mbali, ndiyo maana mikono yetu inatakiwa.

Sababu za moyo kusimama

Mtu akifa ghafla kwetu huambiwa karogwa, au kapandwa na jini, au "presha imempanda". Tuzitaje sababu zinazojulikana.

Kwa watu wazima, kubwa ni kuziba kwa mishipa ya moyo, kunakoletwa na shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na mafuta mengi. Mairungi pia yamehusishwa na mshtuko wa moyo. Shinikizo la damu halina maumivu, kwa hiyo wengi hulibeba miaka bila kujua. Na mwenye dawa za presha asiziache Ramadhani kwa kauli yake. Amwone daktari kwanza, ampangie za futari na daku.

Kwa watoto na vijana, tuhadhari na homa ya baridi yabisi. Huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, kisha huharibu vali za moyo polepole. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kutangazwa mwaka 2021 uliwafuata watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huu. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, asilimia 0.8 tu ndio waliozidiwa. Kwa wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Mama, koo la mwanao si jambo dogo.

Ziko sababu nyingine: kuzama ziwani, kukabwa na chakula, kupoteza damu nyingi, sumu za wadudu, umeme na radi. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, radi iliwaua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada chini ya mabati. Nasi husali chini ya mabati. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, kumgusa hakudhuru, na yule anayeonekana amekufa ndiye wa kuanza kusaidiwa, kwa kuwa moyo wake unaweza kurudi. Ukumbuke hapa ule uangalifu wa Imam Shafi.

La kufanya mtu akianguka

1. Hakikisha mahali pana usalama. Kama ni umeme wa waya, uzime kwanza kabla ya kumgusa.

2. Mguse mabegani, umwite kwa sauti. Kama hajibu, angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Kama hapumui, au anakoroma kwa pumzi za mbali mbali, hesabu kwamba moyo umesimama.

3. Mtaje mtu mmoja, umwambie apige simu kituo cha afya na kutafuta gari. Ukisema "jamani mtu aende", hakuna atakayekwenda.

4. Mlaze chali juu ya sakafu au ardhi ngumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, karibu mara mbili kila sekunde, yaani mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara.

5. Kama umejifunza kupuliza pumzi, baada ya kila mara 30 mpulizie pumzi mbili. Kama hukujifunza, endelea kukandamiza tu. Lakini kwa mtoto, na kwa aliyezama majini, pumzi ni muhimu sana.

6. Mtoto mkandamize kwa mkono mmoja au miwili, kina cha theluthi ya kifua. Kwa mchanga, zungusha viganja kifuani na utumie vidole gumba viwili.

7. Badilishaneni kila dakika mbili, maana kazi hii inachosha. Msiache mpaka azinduke au mhudumu wa afya awapokee.

Usimpe maji, wala usimtie kitu mdomoni. Usimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kwani huko hakuna anayeweza kumkandamiza kifua. Na tusidanganyane: wengi ambao mioyo yao husimama hufariki hata wakisaidiwa. Lakini asiyesaidiwa karibu hana nafasi kabisa.

Maswali tuliyoulizwa madrasa

Je, inafaa kukata sala? Wanavyuoni wamesema kwamba mwenye kusali akimwona mtu anazama naye anaweza kumwokoa, ni wajibu akate sala. Aliyeanguka katika safu ni mfano huo huo. Sala hurudiwa, roho hairudiwi.

Je, mwanamume amguse mwanamke asiye maharimu wake? Akiwepo mwanamke anayejua, yeye ndiye bora. Asipokuwepo, dharura ina hukumu yake, na stara ya mtu haiwi sababu ya kumwacha afe. Kwa hiyo tuwafundishe mama zetu na mabinti zetu pia.

Je, si kupingana na kadari? Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kufungwa alielekezwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kisha ndipo amtegemee Allah. Na katika Surat al-Maida, aya ya 32, tunafundishwa kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Mikono yetu ni sababu, na matokeo ni ya Allah.

Hitimisho

Tangu mwaka wa msiba ule, madrasa yetu huwaalika wahudumu wa afya kila Shaabani kuwafundisha wanafunzi wakubwa pamoja na wazazi. Hatuna mwanasesere wa Stavanger. Tunatumia gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, na watoto wanahesabu kwa sauti mpaka thelathini. Tunaziomba familia, misikiti na madrasa nyingine zifanye hivyo hivyo, na kila msikiti uwe na namba ya simu ya kituo cha afya na ya mwenye gari, zimebandikwa ukutani.

Tunamwomba Allah amrehemu mzee wetu, atusamehe kwa tusilolijua, na asituhesabie kwa tulilolijua kisha tukaliacha.

Wabillahi tawfiq.